Wakwe Juu ya Ukuta wa Tungamwe

Hapo zamani, kabla wafalme hawajajifunza kuona haya, Sultani Haruna na nduguye Seifu waligombea kiti cha marehemu baba yao, na nchi nzima ikapasuka pande mbili. Seifu akashika mashamba. Haruna akabaki na mji mkuu wa Tungamwe, na askari wake wakamtoroka mmoja mmoja kwa kisingizio cha kwenda kuoga mtoni.

Ikawa habari imefika kwamba Seifu yuaja kuutwaa mji. Sultani akawakusanya watu barazani, akausifu ukuta wake hata povu likamtoka. Basi Fumbwe, fukara mmoja ambaye mali yake yote ni mbuzi na mdomo, akasema, "Ukuta huo, bwana, mbuzi wangu huuruka akifuata majani."

Watu wakaangua kicheko. Sultani hakucheka.

"Kwa kuwa waujua sana, utaulinda wewe," akasema. "Panga juu yake walinzi ambao adui hathubutu kuwatazama usoni. Seifu akiingia mjini, kichwa chako kitatundikwa langoni kumlaki."

"Nimesikia, bwana. Nipe vigoda na tambuu."

"Si mikuki?"

"Mikuki la, bwana. Watajichoma."

Fumbwe akatoka akijipapasa shingo, maana mzaha ni mzaha na shingo ni shingo. Lakini alijua jambo moja ambalo Sultani, kwa hasira zake, alilisahau. Mabinti wa Tungamwe walikuwa wakiolewa huko mashamba tangu enzi za mababu, na katika nchi ile mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akikutana naye njiani huweka chini alichobeba, huvua viatu, na kujitupa kichakani hata apite. Basi Fumbwe akaenda nyumba kwa nyumba.

"Mama, mkweo yuaja na mkuki."

"Nani? Yule aliyeshindwa kuja kumzika mjomba? Ngoja nijitande ushungi!"

Asubuhi jeshi la Seifu likatokea kwa ngoma na baragumu. Safu ya kwanza ikainua macho, ikaona ukuta umejaa akina mama walioketi juu ya vigoda, wakitafuna tambuu.

"Yarabi, mama mkwe!" akapiga ukelele mmoja, mkuki ukamponyoka, akakimbilia kichakani. Mara kila kichaka kikajaa askari waliofunika nyuso, na viatu vimezagaa njia nzima.

"Mbaraka!" mama mmoja akaita. "Binti yangu bado apikia chini ya paa linalovuja?"

"Naam, mama. Nitaliezeka, mama," kichaka kikajibu.

Seifu akaghadhibika, akaamuru waseja watangulie. Wakatangulia kwa ushujaa mkubwa. Akina mama wakainama kuwatazama vizuri, wakaanza kuulizana huyu ni wa nani, na yule mrefu je, ameshaposa? Waseja wakakimbia kuliko wote, na wengine yasemekana hawajasimama hata leo.

Sultani Haruna alipoona hayo alipanda ukutani mbio ili amcheke nduguye. Akafungua kinywa. Pembeni yake akasikia mtu anatema tambuu, akageuka, na kumbe ni Bi Mwanaesha, ambaye binti zake wawili waliolewa mmoja na Haruna, mmoja na Seifu. Sultani akajifunika uso kwa joho. Kule chini Seifu alikwisha kujificha nyuma ya farasi wake.

"Ninyi wawili," akasema Bi Mwanaesha, "mmewafanya wanangu, watoto wa tumbo moja, wasisalimiane mwaka mzima. Kiti cha baba yenu nitakikalia mimi, hata mjifunze kuamkiana."

Nani angembishia mama mkwe? Wakaitikia, "Naam, mama," mmoja kutoka ndani ya joho, mmoja kutoka nyuma ya mkia.

Basi Sultani akamwita Fumbwe kwa sauti ya chini. "Ewe baradhuli, nilikuamuru unilindie mji, nawe umeninyang'anya kiti!"

"Hasha, bwana. Uliamuru Seifu asiingie, hakuingia. Uliamuru walinzi wasiotazamika, hawatazamiki. Hukuniambia kwamba wewe ungependa kuwatazama."

Sultani akataka kukasirika, kicheko kikamshinda. Akacheka hata machozi yakamtoka, akamvisha Fumbwe lile joho la kifalme; lakini alicheka akiwa ameelekea upande wa pili, maana Bi Mwanaesha alikuwa nyuma yake, anamngoja ashuke akampe nduguye mkono.