Jezi ya Kipa Salvina

Nani yuko macho? Nyoosheni mikono niwaone. Aliyelala mwacheni, maana mwisho wa maneno yangu nitataka watu wa kuamua, na mtu wa usingizi huamua ovyo.

Kijijini kwetu, upande wa Songea, walikuwepo wanawake watatu.

Edeltruda alikuwa na mdomo. Sisemi matusi, nasema mdomo. Siku moja askari wa soko alikuja kumfukuza asiuze nyanya njiani. Yule askari aliondoka amebeba mafungu mawili, na mpaka leo hajui aliyanunuaje.

Yustina alikuwa na mgongo. Gunia la mahindi ambalo wanaume hulishika wawili, huku na huku, yeye husema tu, "Nitwisheni," halafu huyo, mpaka mashineni bila kutua.

Efigenia alikuwa na macho. Akienda harusini, wewe uliyebaki nyumbani huna hasara. Atakwambia bibi harusi alivaa nini, nani alikula mara mbili, na mama mkwe alimtazama nani kwa jicho baya.

Rafiki yao wa nne ni Otilia. Huyu macho yake yaliondoka na surua angali mtoto. Na uzee ulipoanza, mguu wa kushoto nao ukawa unavimba akikaa sana. Alikuwa na binti mmoja tu, Salvina. Hakuwahi kumwona. Alimjua kwa viganja.

Salvina alikuwa anacheza mpira, kipa wa timu ya wasichana ya mkoa. Miaka minne alidaka, na hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kumtazama. Watu walisema mpira wa wasichana si mpira. Basi timu ikaingia fainali, huko Dodoma. Salvina akapiga simu.

"Mama, wenzangu kila mmoja ana mtu wake jukwaani. Mimi peke yangu sina."

Otilia akamjibu, "Safari hii utakuwa naye. Nakuja."

Mzee Mbano, yule mwenye duka, alicheka mpaka akashika meza. "Mama Salvina! Kipofu anakwenda kutazama mpira? Utatazama kwa kisigino?"

"Mzee Mbano, jana usiku ulipiga kelele goli, goli, umeikumbatia redio. Uliona nini mle ndani? Nyaya?"

Watu wakacheka. Lakini Mbano alipoona Otilia amegeuka, akasema tena, "Hafiki huyo. Na akifika, hataona kitu."

Otilia alisikia. Alikwenda kufunga kikapu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mechi ilikuwa saa tatu asubuhi. Mnajua kwa nini asubuhi? Jioni uwanja ulikuwa wa wanaume. Wasichana walipewa saa za kufagilia. Kwa hiyo Otilia na rafiki zake watatu wakapanda basi Songea jana yake alasiri, ili wasafiri usiku kucha.

Walipopita Njombe, saa tano usiku, basi likakohoa, likasimama. Njombe mnaijua baridi yake. Dereva akafunua injini, akatazama, akafunika.

"Tulale, jamani. Kifaa kitatoka Makambako asubuhi."

Abiria wakajifunika. Otilia akauliza, "Asubuhi saa ngapi?"

"Saa tatu, saa nne."

"Saa tatu mwanangu yuko golini," Otilia akasema. "Nishusheni. Nitakwenda kwa miguu."

"Kwa mguu gani?" Yustina akamuuliza. "Huo uliovimba, au huo mwingine unaomsindikiza mwenzake?"

Lakini walishuka, wote wanne, wakasimama barabarani.

Saa saba usiku ikaja taa. Edeltruda akavua kitenge cha juu, akaingia katikati ya barabara anakipunga. Basi likapiga breki, dereva akatoa kichwa dirishani, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

"Mama, unataka kufa? Nimejaza! Hata sindano haiingii!"

Edeltruda akatega sikio. "Wewe baba, matamshi hayo ni ya wapi?"

"Ya Iringa. Naitwa Kihwele, Mhehe kamili. Haya, nipishe."

Kumbe! Sisi ni Wangoni, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu vita vya mababu. Mtani wako akikuchukulia kitu, hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka maisha yako yote. Edeltruda akapanda mlangoni, akanyoosha mkono, akamvua Kihwele kofia, akaivaa yeye.

"Mama, kofia yangu."

"Yako tangu lini? Hii babu yako aliidondosha siku alipokuwa anatukimbia."

Basi zima likaamka kwa kicheko.

"Nyie Wangoni ndio mliotukimbia!" Kihwele akasema, naye anacheka sasa.

"Haya, tupakie utukimbize vizuri. Utukimbize mpaka Dodoma. Kofia nitakupa huko."

Angefanyaje? Akawapakia.

Lakini kweli lilijaa. Nafasi ilipatikana moja tu, nayo ni ndoo iliyopinduliwa kwenye njia, katikati ya viti. Otilia kukaa kwenye ndoo, mguu ukining'inia mpaka Dodoma, asingeweza. Ungepasuka. Basi Yustina akakaa yeye kwenye ndoo, akampakata Otilia kama mtoto, ule mguu mbaya akaulaza juu ya kikapu, akawa anausugua. Wenzao wawili walisimama wameshika vyuma.

Ndoo ya plastiki, wanangu, ina ukingo. Makambako, Mafinga, Iringa. Mtu mzima yuko mapajani, na ukingo unakata. Pale Iringa Otilia akasema, "Yustina, nishushe chini nikae sakafuni. Nakuua."

"Gunia huwa linaongea?" Yustina akamjibu. "Lala."

Walifika Dodoma saa tatu kasoro kidogo. Yustina alipoinuka miguu ilikataa, akaanguka pale stendi mbele za watu. Akajipiga mapaja kwa ngumi mpaka yakapata fahamu. Halafu akainama. "Panda."

Akambeba Otilia mgongoni mpaka uwanjani. Mlinzi wa geti akauliza, "Huyu mgonjwa anakwenda wapi?"

"Si mgonjwa. Ni mama wa kipa. Sogea." Yustina akapita, akapanda ngazi za jukwaa, mzigo haujagusa chini.

Filimbi ikalia. Otilia akashika mkono wa Efigenia.

"Haya. Niambie."

Hapo ndipo palipotokea kasheshe. Efigenia mpira haujui! Hajawahi kuutazama hata siku moja. Alichokijua ni kutazama watu, basi akamkazia Salvina macho na hakuyatoa.

"Amevaa njano. Mrefu, Otilia, mrefu kuliko wewe. Amesuka twende kilioni. Ametema mate viganjani. Anasugua mikono kwenye paja la kushoto."

Otilia akashtuka. "La kushoto? Hivyo hivyo ndivyo anavyofanya akishika jembe!"

Kijana aliyekaa nyuma yao akachoka kusikiliza. "Mama, mpira uko kule! Upande ule mwingine!"

"Mpira una mama yake hapa?" Efigenia akamuuliza. "Niache."

Salvina akafungwa goli moja. Efigenia hakuficha. "Limempita. Amepiga magoti. Ameinuka. Anawafokea wenzake, anaonyesha kwa kidole, kama wewe ukiwafokea mbuzi."

Otilia alicheka, machozi yanamtoka.

Karibu na mwisho Efigenia akambana mkono. "Otilia, kuna jambo baya. Wameweka mpira chini mbele yake. Wote wamekaa pembeni. Wamemwacha mtoto peke yake!"

Kumbe ni penalti, lakini jina hilo Efigenia angelijulia wapi? Otilia alisikia neno moja tu: peke yake. Akasimama juu ya mguu wake mbovu, akapiga ukelele ambao Dodoma hawajausahau.

"Salvinaaa! Nipo!"

"Amegeuka," Efigenia akasema. "Ametazama huku. Ametuona, Otilia! Ametema mate viganjani. Anasugua... ameruka! Ameudaka! Ameukumbatia kama mtoto mchanga!"

Nisiwadanganye, walishindwa. Moja bila. Kombe lilikwenda kwa wengine. Lakini Salvina alipanda lile jukwaa mbio.

"Mama, umefika."

"Nimefika, na nimekuona. Unatema mate viganjani, unasugua paja la kushoto. Goli limekupita ukapiga magoti. Kisha umeinuka."

Yule msichana alilia kuliko alivyolilia kombe. Akavua jezi yake ya njano, akabaki na fulana ya ndani.

"Jana usiku nilijiapia," akasema. "Mtu atakayemfanya mama anione, jezi hii ni yake. Ni nani kati yenu?"

Wakasema wale watatu kwa pamoja, "Mimi!"

"Nisingelisimamisha lile basi," Edeltruda akasema, "saa hizi tungekuwa Njombe tumeganda kama samaki. Dada zangu, mgongo na macho vingefanya kazi gani porini?"

"Basi ulilisimamisha, sawa," Yustina akasema. "Nani alikaa kwenye ndoo? Hebu tazameni mapaja yangu. Bila mimi angeshushwa Iringa, moja kwa moja hospitali. Mngemsimulia mpira wodini?"

"Mlimleta, asanteni," Efigenia akasema. "Lakini Salvina hakusema atakayemleta mama. Alisema atakayemfanya anione. Mlimleta akae gizani vilevile. Taa niliwasha mimi."

"Wewe ambaye hata mpira huujui!" wenzake wakamrukia.

"Ndiyo maana nilimtazama mtoto!"

Kihwele naye akatokea, anahema, kichwa wazi. Alikuja kudai kofia. Aliposikia ugomvi akasema, "Na mafuta alikanyaga nani?"

"Wewe mtani nyamaza," wakamwambia wote watatu. Kofia hakupewa. Edeltruda anayo mpaka leo.

Wakamgeukia Otilia awaamulie. Akaipapasa jezi, akaipapasa namba mgongoni kwa kidole, akaibana kifuani.

"Mimi nimeshaona nilichotaka kuona," akasema. "Nyie wenye macho, tazameni wenyewe."

Wakarudi nyumbani wanabishana njia nzima. Mzee Mbano alikuwa mlangoni mwa duka.

"Nimesikia mmefungwa."

"Tumefungwa," Otilia akasema. "Na nilifika. Na niliona."

Ile jezi hajaivaa mtu. Imekunjwa ndani ya kikapu cha Otilia, na wale watatu wakikutana kisimani ni kelele tupu, ndoo zinamwagika.

Mimi nimechoka kuwasikia. Wewe uliyekaa karibu na mlango, usiniangalie mimi. Nenda kafungue kikapu, itoe hiyo jezi. Umeishika? Haya: unampelekea nani?