Kiti cha Yefimu

Wapendwa, mkulima wangu wa kila Jumapili leo nimempa likizo. Nimemchosha, na nyinyi nimewachosha, maana nikisema tu "kulikuwa na mkulima" naona wazee wa safu ya nyuma wanaanza kusinzia. Leo nawapeleka mbali, kwenye baridi, Urusi ya enzi zile za Wasovieti. Na msifike nyumbani mkahangaika kutafuta habari hizi kwenye vitabu vya historia. Ni mfano, nimeutunga mwenyewe.

Kulikuwa na kamisaa mmoja. Kamisaa, kwa nyinyi wadogo msiojua, alikuwa ofisa wa siasa jeshini. Bunduki alikuwa nayo, lakini kazi yake hasa ilikuwa mdomo: kuwahubiria askari siasa ya chama, kuwatia moyo, kusikiliza nani ananung'unika nini na kupeleka taarifa juu. Jina la kamisaa huyu silitaji. Lilitajwa vya kutosha alipokuwa hai. Ila chini yake kulikuwa na askari aliyetunza farasi wa kikosi, mtu mpole, mkubwa wa mwili, ananuka ngozi ya matandiko kutwa nzima. Huyo aliitwa Yefimu. Lishikeni hilo jina.

Sasa, wale watu wana desturi yao. Mtu akitaka kusafiri, mizigo imeshafungwa, buti zimeshavaliwa, wote waliomo ndani hukaa chini kwanza, wanaoondoka na wanaobaki. Hawasemi kitu. Wanakaa kimya kidogo, kisha mkubwa wao anainuka wa kwanza, na safari inaanza. Usipokaa, safari ina mkosi, ndivyo wanavyoamini. Chama kilisema huo ni ushirikina wa mabibi. Kilisema hivyo, na watu wakaendelea kukaa.

Asubuhi moja ya theluji kikosi kiliamriwa kivuke mto ulioganda, kivuke kabla ukungu haujaondoka. Walikuwa ndani ya banda la farasi, wamevaa, wako tayari. Wakakaa. Wote, kimya, juu ya magunia na ndoo zilizopinduliwa, muda mrefu kuliko desturi. Walipoinuka na kufika mtoni, ukungu ulikuwa umeshapanda, na adui akawaona wazi juu ya barafu. Walikufa wengi mno. Mchana huohuo akaja mkuu kutoka makao makuu, uso umekunjamana, ameshaambiwa kilichowachelewesha, akauliza swali moja tu: nani aliwaambia wakae?

Hapo, wapendwa, kuna mtu alipaswa kufa, na kila aliyesimama pale alijua. Waliosalia walitazama chini. Kamisaa akasema, "Yefimu."

Yefimu alimtazama tu. Wakampeleka nyuma ya banda, na farasi aliowatunza wakashtuka kwa mlio wa bunduki. Ikatangazwa kwamba alikuwa msaliti.

Vita vikaisha. Kamisaa akapanda cheo, akapanda tena, na mdomo ule ukampeleka wizara ya mambo ya nje, wakamtafutia kazi ubalozini. Siku anaondoka kwenda kituo chake cha kwanza, mjane wa Yefimu akamfuata nyumbani, amemshika binti yake mkono. Hakuja kugombana. Alieleza kwamba binti anakataliwa shule ya uuguzi kwa kuwa ni mtoto wa msaliti, na hata kibarua cha maana hapati. Alichoomba ni kwamba Kamisaa, maadamu sasa ni mtu mzito, aende kwa wahusika aseme kuwa Yefimu hakusaliti mtu.

"Wewe ulikuwepo, Ndugu Kamisaa," alisema. "Sema tu ulichokiona."

"Nikirudi," akamjibu. "Nikirudi nitalishughulikia."

Mjane akaondoka akishukuru. Akishukuru, jamani!

Mlango ulipofungwa, mke wa Kamisaa akasema wakae kabla ya safari. Wakakaa wawili. Na kiti cha tatu, kilichokuwa pembeni, kikalia. Mnajua kiti cha mbao kinavyolia mtu mzito anapokikalia? Ndivyo kilivyolia. Kamisaa akakitazama, hakukuwa na mtu. Akajisemea ni mbao, ni baridi, akainuka haraka haraka akatoka.

Alirudi, na hakushughulikia kitu. Angeanzia wapi? Aliyemtaja Yefimu ni yeye. Akilitengua neno lake ataulizwa maswali, na siku zile walioulizwa maswali hawakurudi kulala kwao. Cheo kingekwenda, pengine na shingo. Mjane akaja tena, naye akamwambia tena nikirudi. Kila alipohamishwa nchi, walikaa, na kiti cha pembeni kikalia. Safari nyingine ikaja harufu ya ngozi ya matandiko, sebuleni, juu ghorofani, mahali ambapo farasi hajawahi kukanyaga. Je, mke wake alikuwa anaisikia? Hakumuuliza. Aliogopa jibu.

Mwisho akawa balozi kamili, tena kwenye nchi ya joto, ya watu kama sisi. Alifurahi kweli, akidhani theluji na mambo yake yote yamebaki huko kwao. Muda wake ukaisha, ikafika siku ya kuondoka. Gari liko nje, dereva wa ubalozi akaingia kuchukua mabegi, mtu mzima, mwenyeji wa pale. Mke wa balozi akamwomba naye akae kidogo. Dereva ana adabu zake, hawezi kukaa kabla hajasalimia. Akampa mkono mama, akampa mkono balozi, kisha akaenda pembeni kwenye kiti kitupu, akainama kwa heshima, akanyoosha mkono na pale pia.

Walipokuwa ndani ya gari balozi akamuuliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unamsalimia nani pale?"

"Yule mgeni wenu, mzee," dereva akasema. "Mkono wake wa baridi kweli. Na mbona buti zake zimelowa hivyo, na mvua hatujaiona tangu Pasaka?"

Wakati wanainuka balozi alikuwa ameshaona mwenyewe dimbwi dogo chini ya kile kiti, na ndani yake kipande cha barafu kinayeyuka.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Si mngemkimbilia yule mjane hata bila viatu? Yeye alipofika kwao aliagiza kiti cha pembeni kitolewe ndani. Kikatolewa. Safari iliyofuata kikalia kingine.

Akazeeka, akastaafu, medali zimejaa kifuani mpaka koti linavuta upande mmoja. Mjane alikuwa ameshakufa akingoja. Ikafika siku ya kumpeleka hospitali, asubuhi kweupe, wahudumu wamesimama mlangoni na machela. Mke wake, kwa mazoea ya maisha yote, akasema wakae kidogo kwanza. Wakakaa. Kiti cha pembeni kikalia, na safari hii balozi alimwona aliyekikalia. Ni Yefimu, mkubwa vilevile, theluji mabegani, hajazeeka hata kidogo. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha balozi kuliko yote. Yefimu akamwambia polepole, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake alichosahau:

"Ndugu Kamisaa, inuka wewe kwanza. Wewe ndiye uliyetukalisha."

Mmesikia, wapendwa? Nani aliwaambia wakae mle bandani? Siyo Yefimu. Yefimu alikaa kwa sababu aliambiwa. Ni Kamisaa mwenyewe, mhubiri wa chama, mpinga ushirikina, aliyeuogopa mto asubuhi ile, akamkumbuka mama yake, akawaambia vijana wake jamani tukae kidogo. Mkuu alipouliza nani, jibu lilikuwa "mimi". Yeye akatoa jina la mwenzake.

Balozi akafungua mdomo, ule mdomo uliompa kila kitu. Akasema yote. Alimwita Yefimu kwa jina, akamwita mjane, akasema ni mimi, ni mimi niliyewakalisha, na moyoni aliona anapiga kelele mpaka mtaa mzima unasikia. Lakini mke wake aliona midomo inacheza tu, bila sauti. Kisha ikaacha kucheza.

Walipokwisha kumbeba, mke wake akachukua tambara apanguse sakafu. Kulikuwa na maji chini ya kiti cha pembeni, kama kawaida, maana mama huyo alikuwa akiyapangusa miaka yote bila kuuliza. Siku hiyo kulikuwa na maji chini ya kiti cha mumewe pia.

Na binti wa Yefimu? Katika mfano wangu anafagia kituo cha treni mpaka leo. Hana wa kumsemea tena. Mtu wa mwisho aliyekuwepo bandani ameondoka.

Sasa tuiache Urusi, maana naona mnapumua mkidhani habari ni za Warusi. Dada wa kazi alifukuzwa kwako kwa ajili ya simu, na wiki iliyofuata simu ikaonekana chini ya godoro. Ulimtafuta? Yule mama tuliyemwita mchawi mpaka akahama mtaa, neno lile lilianzia wapi, si hapahapa kwenye mazoezi ya kwaya? Tunajua. Tunajua vizuri sana, na tunasema nikipata nafasi, mambo yakitulia, nikirudi. Sisi ni mabingwa wa nikirudi. Tumetubu kwa Mungu, ndiyo, na machozi tumetoa, na Mungu amesikia. Lakini yule dada kijijini kwao bado anaitwa mwizi. Umeomba Mungu akusamehe wewe. Yeye nani amemsafisha?

Kwa hiyo leo sitatoa baraka haraka, hata kama kuna wenye vyungu jikoni. Tukae kwanza, kimya. Kila mtu atazame nafasi iliyo pembeni yake kwenye benchi. Kama kuna jina limekujia, usije ukanisimulia mimi baada ya ibada. Toka, kamtafute mwenye hilo jina na wale uliowaambia, ukaseme "ni mimi" wakati sauti yako bado inasikika.

Haya. Nani atainuka wa kwanza?