Kilichokuwa Ndani ya Bitana

Kibibi alikuwa fundi wa kufufua mikoba ya ngozi ya zamani, barazani kwake. Mkoba wa jirani yake Chausiku, muuza vitumbua, ulifika umekauka na kuota ukungu. Wiki moja baadaye ulikuwa unang'aa, na Bi Saumu mwenye nyumba akautamani.

"Huu wangu, uliibwa zamani," alisema, akiwa amemleta mumewe awe shahidi. "Nipeni, au mhame wote wawili."

"Jamani, ni wa marehemu mama!" Chausiku akalia.

"Subiri, shoga," Kibibi alisema. "Bi Saumu, na kilichoshonewa ndani ya bitana, nacho chako?"

Bi Saumu akawaza dhahabu. "Changu! Nilikishona kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Mzee Mbwana, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu mume wa Bi Saumu.

Kibibi akafumua bitana taratibu, akatoa kifurushi cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote, akamwekea mzee kiganjani.

Mzee akakitupa kama kimemng'ata. "Hirizi! Kumbe ndiyo maana miaka yote hii nakubali kila unalosema!"

"Wallahi mkoba si wangu! Sijawahi hata kuuona!" Bi Saumu akatoka mbio, mzee nyuma yake.

Chausiku akarudi nyuma hatua moja. "Mama yangu aliweka hirizi?"

"Hirizi gani?" Kibibi akakiokota kifurushi, akakichana, vumbi jeusi likamwagika. "Mkaa huu. Niliushonea humo jana, unyonye harufu ya ukungu."