Hotipoti Yenye Nukta Mbili

Wanajumuiya wenzangu, sogeeni, na yule wa mlangoni arudishie. Haya nimeapishwa nisiyatoe, kwa hiyo na ninyi apeni kwamba yataishia kwenye mkeka huu. Mmeapa? Basi tegeni sikio, maana yamenijaa mdomoni tangu Jumanne.

Kulikuwa na mama mmoja, mtunza vyombo wa jumuiya kama hii yetu. Iwe msiba, iwe kipaimara, vyombo vinatoka kwake na kurudi kwake: sahani, masinia, na hotipoti sita zenye maua ya waridi. Kila kimoja kina nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako, kisije kikapotelea kwa watu. Miaka tisa hakijapungua hata kijiko.

Mama huyu akataka kuhama, kimyakimya, maana aliogopa macho ya watu. Asubuhi anakwenda kwenye usaili wa kazi, mchana anarudi kufunga mizigo, madirisha kayafunga. Usaili wa kwanza wakamwambia watampigia. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulikuwa wa shule ya bweni huko juu kwenye baridi, wanatafuta mtunza stoo. Sista mkuu akamuuliza, stoo ikipungua kijiko kimoja utafanya nini?

"Sista, sitakula mpaka nikione," akasema.

Sista akatabasamu, akaomba namba ya mtu anayemfahamu vizuri. Mama akaandika ya mwenyekiti wa jumuiya, kisha akaondoka pale akielea.

Enhe, akielea. Mmewahi kufunga vyombo huku roho imeshatangulia? Kila sahani aliyoiviringisha kwenye gazeti ilimpeleka kule. Aliuona ukungu ukiingia dirishani taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Aliona bomba ndani kwa ndani jikoni, pazia la kijani, na paka ambaye hajawahi kumfuga amelala juu ya kiti ambacho hajawahi kukinunua. Aliona meza. Na juu ya meza, wapendwa, aliiona hotipoti yenye waridi, mvuke unampungia kama mkono.

Alipozinduka, hotipoti ilikuwa mapajani mwake. Akajisemea, nimezisugua miaka tisa, katika sita moja haitaniita mwizi. Kwani ninyi mngejiambiaje? Akashika wembe, akaanza kukwangua nukta, polepole, bado anaota, chengachenga nyekundu zikidondokea kwenye khanga kama maua yanayopukutika.

Hakujua kwamba Sista ameshapiga simu. Mwenyekiti alimjibu kwamba huyo mchukueni mkiwa mmefumba macho, kitu cha watu kikiwa kwake ni kama kiko altareni. Sista akasema basi, aje Jumatatu. Na mwenyekiti, badala ya kumpigia mama, akaikusanya jumuiya nzima wakampe habari kwa nyimbo.

Hapo nisimame kidogo, nao wako njiani. Sisi tuliokaa hapa, si nasi tunahama? Kila siku tunaulizwa, na majibu yetu ni matamu mpaka malaika wanatabasamu na kuandika. Lakini mikono, huku macho yanaiota mbingu, inafanya nini? Ni alama ya nani tunaikwangua? Sifa ya kazi aliyoifanya mwingine? Kiwanja cha yatima? Siri ya mtu uliyoapishwa usiitoe? Msinitazame mimi peke yangu, naona wawili pale nyuma mmeshaanza kunong'ona.

Na tusidhani ajaye atakuja na virungu. Anakuja anaimba. Anakuja kakubebea kilekile ulichokiomba kwa machozi, na mlango anausukuma bila hodi, kwa sababu anakuamini.

Hivyo ndivyo mlango ulivyosukumwa. Vigelegele vikakatikia kizingitini. Watu arobaini, na wengine wanachungulia kwa dirisha walilolifungua kwa furaha. Mwenyekiti akamtazama mama, akautazama wembe, akaitazama nukta moja iliyobaki.

"Mwenzetu," akasema, kwa sauti ya chini, "tulikuja kukupongeza. Kazi umepata."

Na yule mama, mbele ya wote, vidole vimegandwa na wekundu, akawa anaigeuzageuza ile hotipoti, hajui aiweke wapi.