Kakakuona Aliyekataa Pande Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale jua liliwaka. Likawaka, likawaka, mito ikakauka, ikabaki chemchemi moja tu bondeni. Basi ugomvi ukaingia. Wenye Pembe wakasema yetu. Wenye Kucha wakasema yetu. Wakagawana bonde, huku Pembe, huku Kucha, na katikati ukanda mtupu. Ukiukanyaga, wenzako wanakuita msaliti. Wakaweka na sheria: hunywi mpaka utaje ukoo wako.

Siku hiyo akaja Bi Kakakuona, taratibu, mtoto wake Kigamba kapanda mkiani. Midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu.

"Mama, maji."

"Tumefika, mwanangu."

Nyati akasimama mbele. "Shangazi! Magamba hayo ni ndugu wa pembe. Karibu nyumbani."

Chui akacheka upande wa pili. "Shangazi yako tangu lini? Tazama makucha yale! Huyo dada yetu."

"Taja ukoo! Pembe au Kucha?"

Bi Kakakuona akamtazama huyu, akamtazama yule. Angetamka neno moja tu, mtoto angekunywa. Lakini alijua linalofuata. Akiwa Pembe, kesho ataambiwa amchukie Chui. Akiwa Kucha, Nyati ni adui.

"Mimi ni Kiu," akasema.

"Hakuna ukoo huo!"

"Upo. Na nyinyi nyote mmo."

Weee! Nyati akamvuta huku, Chui akamvuta kule. Koo zote zikaingia. Pu! Pa! Kwato na kucha, vumbi hadi mbinguni. Walipochoka, chemchemi ilikuwa tope tupu. Hata tone hakuna.

Sasa mnadhani walijilaumu? Thubutu! Hata sisi tungejilaumu?

"Wewe ndiye uliyetuponza! Ungechagua, tusingepigana!"

Bi Kakakuona akamkumbatia Kigamba, akajiviringisha, akawa mpira. Nyati akapiga teke. Ngo! Chui akaparura. Kwaru! Magamba kimya. Ndani, mtoto alisikia moyo wa mama yake unadunda, na mama alikuwa anaogopa, msidanganyike. Anaogopa, lakini hafunguki.

Wakamchoka. Akajikunjua, akaenda zake hadi kwenye ule ukanda mtupu.

"Msaliti!" wakapiga kelele.

"Namsaliti nani, baba? Nina upande gani?"

Akachimba. Chapu, chapu, chapu. Udongo wa pale haukuwa umekanyagwa, ulikuwa laini. Akachimba hadi mkia ukapotea shimoni. Chapu, chapu. Mara, bwii! Maji!

Kigamba akanywa kwanza. Kisha ndama wa Nyati akaponyoka, mbio. Mtoto wa Chui naye mbio. Wakainama bega kwa bega, hakuna aliyeuliza ukoo wa mwenzake.

Nyati akaja na pembe yake. "Tugawe shimo."

Chui akatoa ukucha. "Tuchore mstari."

Bi Kakakuona akajilaza katikati ya maji, chali, tumbo wazi, pale pasipo na gamba.

"Chora, shemeji. Anzia hapa."

Nyati akatazama tumbo lile laini. Akamtazama ndama wake, ndevu za maji zikimdondoka. Pembe ikashuka polepole. Ikashuka mpaka pua ikagusa maji, akanywa. Chui akarudisha ukucha, akanywa.

Mimi nasema mwanamke yule alikuwa na moyo kuliko majemadari wote wa bonde lile, na anayebisha abishe. Funzo ni hili: ukiambiwa uchague kati ya mawili, usione haya kuuliza kama hakuna la tatu. Na asiyekuwa upande wowote asikae tu akitazama, achimbe.

Hadithi yangu imeishia hapo, koo limenikauka. Nani ataniletea maji?