Mwanamize na Mndimu Uliotekwa

Sogeeni, niwape ya Mwanamize. Zimwi liliuteka mji wao, likaukalia mndimu wa pekee, mti wa ajabu uliomwinamia kila asiye na hofu. Watu wakabaki na mtama mkavu tu, fizi zikavuja damu, meno yakalegea. Mwanawe aliposhindwa kusimama, Mwanamize alilifuata zimwi.

"Piga magoti, nikupe ndimu," likasema.

"Sipigi."

"Piga, nisije nikakumeza."

"Sipigi."

"Nakwambia mara ya mwisho, mwanamke."

"Basi nimeze nikiwa nimesimama."

Mndimu ukamwinamia, matawi yakamkinga. Akajaza ndimu kwenye kanga, akamkamulia mwanawe, akawakamulia na majirani, mpaka fizi zikapona na miguu ikapata nguvu. Ndipo mji mzima ukatoka na mapanga, zimwi likatimka. Yangu yameishia hapo.