Chupa ya Mahindi Kando ya Bango

Ule ushuhuda ulioutoa hapa mbele ya kanisa mwaka jana, ulikuwa umeshatokea, au ulikuwa bado?

Usimwangalie jirani yako. Jirani naye ana wake. Jibu moyoni, halafu nisikilize.

Kulikuwa na mhadhiri mmoja wa kilimo katika chuo kikuu kimoja, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mchapakazi, asiye na makeke. Mara mbili aliomba kupandishwa cheo awe mhadhiri mwandamizi, na mara mbili alipewa barua ya adabu. Mnazijua barua hizo: zinaanza kwa kukushukuru, zinamaliza kwa kukutakia kila la heri, na pale katikati wamekukatalia. Mwaka ule chuo kikatangaza mashindano ya mabango ya utafiti kwa wahadhiri. Kila mmoja auweke utafiti wake wote kwenye karatasi moja kubwa ya ukutani, asimame kando yake, majaji wapite wakimhoji. Mkuu wa idara akamwita pembeni: "Daktari, ukishinda hili, barua ya tatu naiandika mimi mwenyewe. Na haitakuwa ya pole."

Utafiti wenyewe, tuseme haki, ulikuwa mzuri. Alitaka kujua kama unga wa majani makavu ya mkaratusi unaweza kuyalinda mahindi yasiliwe na dumuzi, yule mdudu anayeligeuza gunia la mahindi kuwa gunia la vumbi. Mwezi wa kumi na mbili alijaza mahindi ndoo ishirini. Kumi akachanganya na unga wa majani, kumi akaziacha hivyo hivyo, akafunga zote zikae miezi sita. Mwezi wa nne alichungulia zile zenye majani. Safi! Punje zinang'aa. Moyo ukamruka.

Sasa, chuo kilitaka mabango yote yafike kwa mchapaji wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Na miezi sita ya ndoo zake ingetimia siku mbili tu kabla. Wewe ungefanyaje? Yeye alikaa mbele ya kompyuta, akaandika kwa herufi kubwa za kijani: BAADA YA MIEZI SITA, PUNJE TISINI NA SABA KATI YA MIA ZILIBAKI NZIMA. Akalisoma. Akalipenda. Akalituma.

Siku mbili kabla ya mashindano akaenda stoo, akavuta ndoo ya kwanza yenye majani. Hata kabla hajagusa kifuniko alisikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Akafungua. Vumbi. Ya pili, vumbi. Alifungua zote kumi akitumaini kwamba walau moja itamwonea huruma. Akafungua na zile kumi zisizo na majani, alinganishe. Tofauti haikuwepo. Dumuzi alikuwa amekula huku na huku bila ubaguzi.

Na bango lilikuwa limeshachapishwa. Refu kama mlango, nembo ya chuo juu, linameremeta.

Akampigia simu mwenzake wa idara ya jirani, ambaye naye alikuwa na bango mashindanoni.

"Majani yameshindwa," akamwambia.

"Yameshindwa wapi? Kwenye bango nimeona yameshinda."

"Nakwambia nimefungua ndoo!"

"Nani mwingine amefungua?"

"Mimi tu."

"Basi, dada yangu. Majaji wana dakika tano kwa kila bango, na hawaji na ndoo. Baadaye utarudia jaribio polepole. Likikubali, utakuwa hujadanganya mtu. Utakuwa umetangulia tu."

Umetangulia tu! Neno laini hilo, linateremka kooni kama uji. Yule mhadhiri alilimeza. Na kwa kuwa kanuni zilitaka kila mshindani aweke sampuli mezani kando ya bango lake, asubuhi ya siku ile alipita sokoni, akanunua kilo mbili za mahindi meupe, mazuri. Akayamimina kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kubandika karatasi: MIEZI SITA.

Ukumbini alikuwa bango la saba. Majaji walikuwa watatu, wakiongozwa na profesa mmoja mwenye sauti nzito. Wako bango la nne. La tano. Wakikohoa, yeye anashtuka. La sita wakakaa mno, akatamani waendelee kukaa, akatamani wamalize. Walipofika kwake, alieleza kila kitu bila kukwama: ndoo, majani, miezi. Ulimi ulikuwa unafanya kazi peke yake. Profesa akainua chupa, akaitikisa kidogo kama anayepiga kayamba, akairudisha.

"Hongera, Daktari. Safi sana."

Wakaandika alama zao, wakasogea bango la nane. Mwenzake wa idara ya jirani, kutoka ng'ambo ya ukumbi, akampigia ukope. Imepita.

Imepita? Nyuma ya majaji walikuja wakulima wachache wa vijiji vya karibu. Chuo huwaalika wakulima siku kama hizo, kwa sababu hupendeza kwenye picha. Mmoja wao, mama wa miaka sitini na ushee, kitenge kipya, viatu vya kanisani, akasimama mbele ya bango la saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapo penye kijani. Miwani nimeiacha nyumbani."

Kuandika uongo ni kazi moja. Kuusomea mtu mzima anayekutazama usoni, akiitikia kila neno kwa kichwa, ni kazi nyingine. Alimweleza kwamba dawa ni unga wa majani ya mkaratusi, kisha akasoma. Kwenye "miezi sita" aliangalia chupa.

Mama akafungua chupa, akamimina punje kiganjani, akazinusa. Akatia moja mdomoni, akaing'ata. Kra! Akatafuna taratibu. Akang'ata ya pili.

"Mwanangu, haya ni ya msimu huu."

Kule bango la nane, majaji wakageuka.

"Bado yananuka shamba," mama akaendelea, hana hata ubaya, anasema tu anachokionja. "Mahindi ya miezi sita hayang'atiki hivi. Nimekulia kwenye mahindi mimi, nayajua kama wanangu."

Mhadhiri akashika ukingo wa meza. Nusu yake, mnaamini? Nusu yake ilifurahi. Angalau sasa ingekwisha.

Lakini mama akainua macho kwenye bango. Akalitazama juu mpaka chini, nembo, zile herufi za kijani asizoziona vizuri. Kisha akacheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Lakini si imeandikwa! Basi meno yangu ndiyo yamezeeka. Na hiyo dawa yako ni kiboko, mwanangu, imeyafanya ya mwaka jana yawe kama ya juzi! Mimi nina magunia kumi na manne ndani, ndicho chakula chetu mpaka mavuno mengine. Kesho nilikuwa niende kununua dawa ya dukani. Siendi tena. Kesho nakwanyua majani ya mkaratusi wote ulio nyuma ya choo."

Majaji wakacheka. "Mnaona?" profesa akawaambia wenzake. "Utafiti unaomfikia mwananchi ndio huu." Wakarudi kwenye bango la nane.

Mmeona kilichotokea? Ameokoka. Na aliyemwokoa ni yule yule aliyemshika.

Hebu nimsimamishe mama hapo, chupa mkononi, niseme na sisi kidogo.

Sisi hapa hatudanganyi sana. Sisi tunatangulia. Tunachapisha kabla ya kufungua ndoo. "Nimeponywa kabisa," na vidonge viko kwenye pochi. "Nimemsamehe mdogo wangu," na namba yake tumeizuia kwenye simu. Tunapigiwa makofi, Amina, Amina, tunarudi kuketi. Tunajiambia kwamba kama kuna aliyedanganywa ni Mungu peke yake, naye ni mvumilivu, atasubiri tumalize jaribio.

Kumbe Mungu hajadanganyika hata dakika moja. Aliyedanganyika yuko benchi la nyuma. Ni yule dada aliyekusikia ukisimulia jinsi mume wako alivyoacha kukupiga, na mume wako hajaacha. Dada yule anajua nyumbani kwake kukoje. Meno yake ni mazima. Lakini wewe ulisema kwa kipaza sauti, na kanisa zima likaitikia, naye akajiambia: basi mimi ndiye mwenye kasoro, imani yangu ndiyo ndogo. Akafunga mizigo kwa dada yake alikokuwa amekimbilia, akarudi kwa mumewe. Nani alimwambia arudi? Nani alimfanya ayakatae meno yake mwenyewe?

Tunaogopa sana majaji, wapendwa. Tunavaa vizuri kwa ajili yao, tunajiandaa kwa maswali yao. Na majaji hutikisa chupa tu, wakapita. Afadhali tungemwogopa yule anayetuamini.

Sasa turudi ukumbini.

Mama amefunika chupa. Ameirudisha mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Ameaga, "Mungu akuzidishie, mwanangu," na ameanza kuelekea mlangoni. Mhadhiri anamtazama mgongo. Hatua tano, na barua ya tatu bado ni yake. Hatua nane, bado. Profesa kule anaandika kitu, anatabasamu. Mwenzake wa idara ya jirani anatikisa kichwa taratibu, macho yamemtoka: usithubutu. Mama amefika mlangoni. Ameshika kitasa.

"Mama!"

Mama akageuka.

"Mama, usiyaweke majani! Meno yako hayajazeeka. Haya mahindi nimeyanunua sokoni leo asubuhi. Yangu yameliwa yote, ndoo zote, na niliandika kwamba yamepona kabla miezi sita haijatimia."